Sauti Iliyobaki Juu

Kila siku, saa kumi na moja na nusu alfajiri, kabla hata ya kunawa uso, Mwalimu huketi ukingoni mwa kitanda chake na kugonga uma wa sauti kwenye goti. Ni uma mdogo wa chuma wenye meno mawili tu, nao ukigongwa hutoa noti moja isiyobadilika, iwe joto au baridi, awe aliyeugonga ana harusi au ana msiba. Huuweka karibu na sikio, huisikiliza noti ile mpaka imtulie kichwani, kisha huiiga kwa kuguna taratibu. Ng'ambo ya ukuta, jikoni, mdogo wake hufungua bomba na kujaza birika. Mguno, maji, mfuniko wa birika. Kwa miaka ishirini na sita nyumba ile haikuhitaji jogoo.

Jumanne hiyo aligonga uma, akauinua sikioni, na kabla hajafungua kinywa, mtu mwingine akaiimba noti ile.

Haikuwa kelele. Ilikuwa sauti ya mwanamke, nyembamba, iliyonyooka kama uzi uliovutwa pande mbili, ikitokea mahali fulani kati ya kabati na ukuta. Ilidumu kwa pumzi moja ndefu, kisha ikakatika ghafla, kama mtu aliyezibwa kinywa. Mwalimu aliuacha uma kitandani. Alitoka bila viatu mpaka jikoni.

Mdogo wake alikuwa amesimama mbele ya sinki, ameupa mlango mgongo. Birika lilikuwa limejaa na kufurika, maji yakimwagika juu ya vidole vyake, naye hakuonekana kuyahisi. Katika kioo cha dirisha, ambako nje kulikuwa bado na giza, Mwalimu aliuona uso wake. Kinywa kilikuwa wazi, kimeviringika kama cha mwimbaji. Hakikutoa kitu.

"Ni wewe uliyeimba?" Mwalimu aliuliza.

Mdogo wake alifunga bomba. "Mimi, Dada? Mimi naimba lini?"

Aliyasema kwa upole, kwa ile sauti yake iliyokuwa imeanza kukwaruza tangu mwezi uliopita. Hapakuwa na kijembe ndani yake hata chembe, na kwa kuwa hapakuwa na kijembe, maneno yalichoma zaidi.

Watu wa nje walimjua Mwalimu kwa mikono yake miwili, iliyoweza kunyamazisha ukumbi mzima kwa kuinuka tu. Alikuwa kiongozi wa kwaya ndogo ya watu kumi na wawili iliyoimba nyimbo za kale, nyimbo ambazo waliozitunga walikwisha kuwa vumbi karne nyingi zilizopita. Nyimbo hizo huimbwa bila kinanda wala ngoma, sauti nne zikishikana zenyewe kwa zenyewe kama wachukuzi wa mzigo mmoja. Mwenyewe pia alipiga zeze kubwa la nyuzi saba, la kushikwa kati ya magoti, ambalo fundi alilichonga kwa kuigiza picha ya zamani. Alikuwa amealikwa kumbi nyingi, amewafundisha waliokuja kuwa walimu, na katika kabati la sebuleni vikombe vyake vilipangwa kwa kimo kama watoto wa darasa moja. Sasa alikuwa na miaka sitini kasoro miwili, mabega yakimuuma, na Jumamosi ya wiki hiyo angeongoza onyesho lake la mwisho, kisha ang'atuke.

Mdogo wake ndiye aliyenakili noti za kwaya kwa mkono. Waimbaji walimwita Mama Mdogo, kwa kuwa Mwalimu alikuwa mama yao wote. Katika kila onyesho alisimama safu ya pili, wa tatu kutoka kushoto, vazi limenyooshwa kwa pasi, kitabu mkononi, akifungua na kufunga kinywa sawasawa na wenzake. Wala hakuwa akiimba. Waimbaji wa zamani walilijua hilo, na wapya waliambiwa wiki ya kwanza, kama walivyoonyeshwa choo kilipo na kiti kipi kina mguu mbovu. Baada ya hapo hakuna aliyeuliza tena.

Jambo hilo lilianzia kwenye mashindano yao ya kwanza. Asubuhi, katika mchujo, waliimba wimbo wa sauti nne ambao karibu na mwisho una kituo kirefu, mapigo manane ya kimya kitupu, kisha sauti zote huingia pamoja. Walipoingia, sauti moja ilisuguana na nyingine zote kama mlango unaoburuta sakafuni. Ilikuwa ya mdogo wake. Waliponea chupuchupu. Mchana, nyuma ya jukwaa, Mwalimu alimvuta kando akamwambia kwamba jioni afungue kinywa tu, asitoe sauti. Binti yule aliuliza mpaka lini. Mwalimu, ambaye kichwa kilikuwa kimemjaa kama mzinga wa nyuki, alimjibu, "Nitakwambia ukiwa tayari."

Jioni walitwaa kombe. Kesho yake ikaja mialiko, ikaja safari, yakaja mazoezi ya wimbo mpya na mwingine tena. Neno la kumwambia aanze halikusemwa. Naye hakulidai. Alikuwa mtu ambaye ukimwambia angoje, hungoja.

Alasiri ya Jumanne hiyohiyo walikutana ukumbini kwa mazoezi. Ulikuwa ukumbi wa madirisha marefu, wenye sakafu ya mbao na saa ya ukutani iliyosimama saa nne kasoro dakika tano tangu hakuna ajuaye lini. Mwalimu alitaka waanze na ule wimbo wa kituo kirefu, kwa kuwa ndio ulioanzisha safari yake, na ndio aliotaka uifunge.

Waliimba vizuri mpaka kwenye kituo. Mwalimu alisimamisha mikono hewani na kuanza kuhesabu moyoni. Pigo la tatu, alisikia sauti ile ya asubuhi. Ilikuwa inashikilia noti moja, juu kidogo ya pale walipoiacha wenyewe, na haikutetemeka. Kwaya ilipoingia, ikawa vurugu: nusu walivutwa juu, nusu walibaki chini, wimbo ukaanguka kama kuni zilizofungwa kwa kamba mbovu.

Mwimbaji wa sauti ya tatu, kinyozi mmoja mwembamba aliyeitwa Chiriku kwa sababu hakujua kunyamaza, aligeuka nyuma akawauliza wanawake ni nani anayeimba kwenye kituo.

"Labda ni njaa yako inanguruma," alisema mshonaji mzee wa sauti ya nne, ambaye kwa besi yake walimwita Ngurumo.

"Njaa yangu ni ya kiume, mzee. Hii ilikuwa ya kike."

Walicheka, lakini kicheko hakikufika mwisho. Mwalimu aliwaambia warudie, na safari hii kituo kikifika kila mtu azibe kinywa chake kwa kiganja. Waliimba. Kituo kikafika. Viganja kumi na viwili vikaziba vinywa kumi na viwili, cha Mama Mdogo kikiwemo. Sauti ikaja palepale, pigo la tatu, safi, ya karibu sana, kana kwamba mwimbaji amesimama kwenye nafasi iliyo baina ya bega la mtu na bega la jirani yake.

Hakuna aliyeingia baada ya kituo. Mwanamke mmoja wa sauti ya kwanza alifungasha mkoba wake bila kuaga, na Chiriku akamfuata mbio, akasahau kitabu chake sakafuni.

Siku ya pili yake Mwalimu aliitwa na fundi wa sauti. Huyu alikuwa kijana mnene, mcheshi, aliyezoea kuvaa nyaya shingoni kama wengine wanavyovaa skafu. Alikuwa amepewa kazi ya kukusanya rekodi zote za kwaya tangu mwanzo ili zitolewe kwa pamoja siku ya kumuaga Mwalimu. Chumba chake hakikuwa na dirisha, na kuta zake zilifunikwa kwa sponji nyeusi iliyokula kila mwangwi, hata mtu alipokohoa, kikohozi kilifia mdomoni.

"Mwalimu, nina swali moja la kijinga," alisema. "Huyu mwimbaji wako anayebaki kwenye kituo, nimsifu au nimkate?"

Alifikiri ni ufundi uliokusudiwa. Alimwekea rekodi ya mwaka huu, ya mwaka jana, ya miaka kumi nyuma, ya miaka ishirini. Katika kila moja, kwaya iliponyamaza, sauti ile nyembamba ilibaki peke yake gizani. Mwalimu alikaa ameshika kingo za kiti. Halafu akakumbuka mwaka mmoja ambao mdogo wake alivunjika mguu akalala hospitalini, na nafasi yake kwenye safu ikaachwa wazi. Alimwomba fundi amwekee mwaka huo.

Sauti ilikuwepo. Ilisikika zaidi, kwa kuwa hapakuwa na mtu mbele yake.

"Na jambo jingine, usinichukie," fundi aliendelea, akigusa kimshale kwenye mtambo wake. "Ninyi mnashuka. Kila mwaka. Mkianza hapa, mkifika kwenye kituo mko hapa chini. Huyu hashuki. Noti mliyoanza nayo ndiyo anayoishikilia mpaka mwisho. Laiti kwaya nzima ingemfuata yeye."

Mwalimu alimwambia aikate ile sauti. Fundi alikuna shingo chini ya nyaya zake, akajibu kwamba amekwisha jaribu mara tatu. "Nikiikata, kituo kinakuwa kizito zaidi. Sijui nikuelezeje. Ni kama kuangalia ukuta ambao picha imetolewa."

Hapo ndipo Mwalimu aliporudi nyumbani akafungua sanduku la zeze lake, akainua kitambaa cha chini na kutoa kanda ndogo iliyokuwa imelala pale miaka ishirini na sita. Hakuwa na haja ya kuisikiliza. Usiku ule wa kombe, wenzake walipokuwa wakicheza dansi, aliisikiliza kanda ya mchujo wa asubuhi akiwa na uma wake mkononi. Kwaya isiyo na kinanda hushuka kama ndoo yenye tundu dogo: kwa kuwa wote wanashuka pamoja, hakuna anayeona maji yakipungua. Na yule mmoja anayebaki pale alipopaswa kuwa, huyo ndiye huonekana amekosea. Uma ulimwambia bila huruma. Waimbaji wote walikuwa wameshuka, na yeye kiongozi wao alikuwa ameshuka nao kwa masikio yake mwenyewe. Mdogo wake peke yake ndiye aliyekuwa sahihi.

Angeweza kumwambia usiku uleule. Lakini kombe lilikuwa juu ya meza linang'aa, waamuzi walikuwa wamelisifu sikio lake, sikio lisilokosea, ndivyo walivyosema, na kesho yake gazeti liliyaandika maneno hayo. Alijiambia atalisema wiki ijayo. Wiki ijayo ilizaa wiki nyingine. Siri ikikaa sana hugeuka kuwa samani. Mtu huizunguka tu anapopita, akajifunza kutoigonga gizani.

Alhamisi alimsindikiza mdogo wake kwa daktari wa koo, kwani mkwaruzo ulikuwa umezidi. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mwepesi wa mikono na mzito wa tabasamu. Aliingiza kioo kidogo chenye mpini mrefu, akamulika, akatazama kwa muda, akatazama tena.

"Mama, wewe ni mwimbaji," alisema.

"Nipo kwenye kwaya," Mama Mdogo alijibu.

"Haimbi," Mwalimu alidakia. "Husimama tu na wenzake. Hajaimba miaka mingi."

Daktari alimgeukia, kioo bado mkononi. "Sasa nani kaziotesha hizi sugu? Sugu hizi ni za mtu anayeimba kila siku, saa nyingi, tena kwa kujibana. Sauti inapanda, anaizuia. Inapanda, anaizuia. Koo halijui kusema uongo, mama."

Akaeleza kwamba sauti ama itoke wazi, ama inyamaze kabisa; hii ya katikati ndiyo inayokula koo. Wakiendelea hivi, mwezi ujao atalazimika kuzikata sugu hizo, na akikata haahidi ni sauti ya namna gani itakayobaki, au kama itabaki.

Walipotoka nje, Mama Mdogo alianza kucheka. Alicheka akishika ukuta, kwa ule mkwaruzo wake, mpaka machozi yakamtoka na wapita njia wakageuka. "Aninyamazishe," alisema akijifuta. "Dada, umemsikia? Mimi ninyamaze." Mwalimu alitaka kucheka naye. Akatazama magari.

Jioni hiyo Ngurumo alibisha hodi, utepe wa kupimia nguo bado ukimning'inia shingoni. Alikuwa ametumwa, na kazi ya kutumwa haikumpendeza. Alieleza, akiangalia viatu vyake, kwamba waimbaji wameapa. Nyimbo nyingine zote wataimba. Ule wa kituo, hapana. Ukibaki kwenye orodha, Jumamosi Mwalimu ataongoza viti. Chiriku amefikia hatua ya kulala na taa.

"Sisi si watoto, Mwalimu," alimalizia. "Lakini kuna kitu pale ndani kinamsubiri mtu. Mimi nimeshona nguo za maiti na za maharusi, sikuwahi kuogopa. Pale naogopa."

Alipoondoka, Mwalimu alikwenda chumba cha kulia, ambako mdogo wake alikuwa akinakili noti chini ya taa ndogo. Alimwambia kwamba ameamua kuuondoa ule wimbo. Alijaribu kulisema hilo kama jambo la kawaida, kama kubadilisha rangi ya mapazia.

Mama Mdogo aliendelea kuandika. Mbele yake kulikuwa na nakala mpya za wimbo uleule, kwa ajili ya Jumamosi. Mwalimu aliona kwamba noti zote ziliandikwa kwa mkono mwepesi, nzuri kama ushanga, ila alama ya kituo. Kila nakala, alama ya kituo ilikuwa imekandamizwa kwa kalamu mpaka karatasi ikatoboka. Alifungua kabati la nakala za zamani, akachomoa moja, akachomoa nyingine. Zote zilikuwa na tundu palepale.

"Uondoe tu, Dada, ni wimbo wako," mdogo wake alisema hatimaye. "Lakini mimi nitangojea wapi?"

Neno lilimpanda Mwalimu mpaka kwenye meno. Lilikuwa fupi, hata pumzi nzima halikuhitaji. Lakini nyuma yake aliona kombe la kwanza likivutwa kutoka safu ya vikombe, na vyote vilivyolifuata vikiporomoka. Aliona wanafunzi wake, ambao aliwafundisha kuamini sikio kuliko macho, wakitazamana. Akameza. Alisema usiku mwema, akaenda kulala, na hakulala.

Asubuhi aliwapigia simu waimbaji mmoja mmoja. Aliwaambia wimbo utabaki. Aliwaomba waje kwa ajili ya uzee wake, na kama wataogopa, waogope wakiwa wamesimama. Mwanamke wa sauti ya kwanza alilia kwenye simu, lakini akakubali. Chiriku alisema atakuja, ila atasimama karibu na mlango, na asilaumiwe miguu yake ikiamua mambo bila kumshauri.

Jumamosi saa kumi alasiri ukumbi ulikuwa umejaa pomoni. Jua liliingia kwa madirisha marefu na kulala sakafuni kwa vipande vya rangi ya asali. Watayarishaji, bila kumwuliza Mwalimu, walikuwa wameliweka kombe la kwanza juu ya meza ndogo mbele ya jukwaa, juu ya kitambaa cheupe. Fundi alikuwa nyuma, nyaya shingoni. Mwalimu alipiga zeze, kwaya ikaimba, watu wakapiga makofi, na kila wimbo ulioisha uliwasogeza hatua moja kuelekea ule wa mwisho.

Uliwadia. Mwalimu aligonga uma akawapa noti. Mikono yake ilipanda.

Kwa mara ya kwanza tangu siku ya kanda ile, alijiruhusu kusikia. Mstari wa kwanza walikuwa imara. Mstari wa tatu walianza kuzama, upana wa unywele tu. Ukurasa wa pili walikuwa wamezama zaidi, wote pamoja, kwa utulivu, nyuso zao zikiwa na amani ya watu waliolala ndani ya mashua inayoondoka na mkondo. Hakuna aliyejua. Ukumbi mzima haukujua. Walikuwa wazuri sana, nao hawakuwa sahihi.

Kituo kikafika. Kimya kikaanguka. Mwalimu akahesabu: moja, mbili.

Pigo la tatu sauti ikaja, na safari hii haikutokea kwenye kona wala baina ya mabega. Ilijaa ukumbi kama maji yanavyojaa chungu. Watu waliinua nyuso kutazama dari. Mtu mmoja alijiziba masikio na kuyazibua upesi, kwani alipoyaziba aliisikia zaidi. Kombe juu ya meza lilianza kuvuma, kwa mbali, kama mdudu aliyefunikwa na bilauri. Mwalimu alimtazama mdogo wake. Kinywa kilikuwa wazi, mishipa ya shingo imesimama kama kamba za hema, macho yamemkazia yeye. Koo lake halikutoa sauti yoyote. Lilikuwa linaibana.

Saba. Nane. Hapo ndipo mkono ulipopaswa kushuka, na kumi na wawili waingie, na wimbo uishe, na yeye aende zake na heshima yake.

Tisa. Kumi. Macho ya waimbaji yalianza kuhangaika. Chiriku aliutazama mlango. Ngurumo alitikisa kichwa kidogo, kama anayemwambia mtu aliye kwenye ukingo wa paa asitazame chini.

Mwalimu alishusha mikono taratibu. Alitoa uma mfukoni, akaugonga kwenye goti, akausimamisha kwa kitako chake juu ya mbao za kinara cha kuwekea noti kilichokuwa mbele yake, ili mbao ziimbe nao. Noti ya uma ikatoka, ikakutana na sauti ile hewani. Hapakuwa na nafasi ya kupitisha hata kucha kati ya hizo mbili. Zilikuwa kitu kimoja.

"Mdogo wangu," alisema. Hakuwageukia watu, lakini ukumbi ulivyokuwa, hata wa nyuma kabisa alisikia. "Siku ile hukukosea. Sisi ndio tulioshuka, wewe ulibaki juu. Nililijua usiku uleule. Nikanyamaza kwa ajili ya kile kikombe."

Sauti ikakoma. Kombe likaacha kuvuma. Kimya kilichofuata kilikuwa kimya kweli, kitupu, na watu waliokuwemo walisema baadaye kwamba hawakujua mpaka saa ile kuwa maisha yao yote hawajawahi kukisikia kimya.

Mama Mdogo alifunga kinywa. Kilikuwa kimekaa wazi kwa muda mrefu hivi kwamba midomo ilitetemeka ilipokutana.

"Nilijua, Dada," alisema kwa mkwaruzo wake. "Mtu hupotezaje noti yake? Sikungoja uniambie kwamba nilikuwa sahihi. Ulisema utaniambia nianze."

Machozi yalikuwa yakimtoka Mwalimu bila aibu. Aliinua mkono mmoja tu, wa kulia, akaunyoosha kwa mtu mmoja tu, wa tatu kutoka kushoto, safu ya pili.

"Anza," alisema.

Na noti iliyotoka, nzito, yenye mikwaruzo, wazi kama mlango uliofunguliwa kwa teke, ilitikisa vioo vya madirisha na kuwainua wenzake wote, mmoja baada ya mwingine, mpaka pale ilipokuwa ikiwangojea kwa miaka ishirini na sita. Ama kweli, kimya kingi kina mshindo mkuu.